Dk Remmy alivyoimba tena baada ya kiharusi

Ukipanda daladala inayopita Sinza, utafika kituo ambacho makonda hukiita kwa jina la mtu: Kwa Remmy. Abiria hushuka, hununua vocha, huendelea na safari zao. Siku moja niliwauliza wauguzi wawili wa zamu yangu, wote wadogo kwa umri, Remmy huyo alikuwa nani. Mmoja akasema labda ni mwenye baa. Wa pili akasema ni diwani wa zamani. Mama mmoja aliyekuwa kitandani na dripu mkononi aliwasikia, akacheka mpaka akakohoa, kisha akawaeleza.

Nami wiki hii nataka kuwaeleza wasomaji wa safu hii, kwa sababu yangu ya kidaktari. Watu huniuliza sana kuhusu kiharusi. Huniuliza kinasababishwa na nini, mgonjwa ale nini, mkono utarudi lini. Ni wachache sana wanaoniuliza kwa nini baba aliyenusurika, anayemeza dawa zake na kutembea kwa fimbo, hataki tena kuongea na mtu nyumbani. Maisha ya Remmy Ongala yananisaidia kulieleza jambo hilo vizuri zaidi kuliko vitabu vyangu.

Jina lake kamili lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo, enzi za Wabelgiji. Mama yake alikuwa amepoteza watoto wawili kabla yake. Alipopata mimba hii alikwenda kwa mganga, na mganga akamwagiza asijifungulie hospitali bali msituni, na nywele za mtoto zisikatwe. Mtoto akazaliwa na meno mawili ya mbele tayari. Kwa watu wa kwao hiyo ilikuwa ishara kwamba huyu ni mganga tangu tumboni, na jina la Daktari likaanzia hapo. Kwa hiyo mtu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima kama Dk Remmy hakuwahi kukaa darasa la udaktari hata siku moja. Simwonei wivu. Ameliliwaza taifa kwa gitaa kuliko wengi wetu tulivyofanya kwa kalamu ya kuandikia dawa.

Lakini kama daktari siwezi kupita hapo bila kumtazama yule mama. Amezika wawili, anabeba wa tatu, na anaambiwa akae mbali na hospitali. Leo mama wa namna hiyo akija kliniki ya wajawazito, mara nyingi tunamgombeza kwa kuchelewa kuanza mahudhurio. Hatumuulizi alijifungulia wapi wale wawili, na aliona nini huko. Hofu yake ya hospitali huwa na historia, na historia hiyo haiandikwi kwenye kadi.

Remmy alibaki bila baba akiwa mtoto mdogo, na mama naye akafariki kabla mwanawe hajawa mtu mzima kamili. Muziki ndio uliomlisha. Alipiga na kuimba katika bendi za Kongo, akavuka hadi Uganda, na mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kuungana na mjomba wake, Mzee Makassy, katika Orchestra Makassy. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihamia bendi ya Matimila, iliyopewa jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo, na baadaye ikajulikana kama Super Matimila. Wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka Dar ile. Mishahara ilikuwa midogo na sukari ilikuwa ya foleni, lakini mwisho wa wiki watu wa Kariakoo, Ilala na Magomeni walikuwa na bendi za kuchagua.

Remmy aliwaimbia hao hao. Aliimba juu ya mnyonge, juu ya mtu asiye na pesa mbele ya mwenye nazo. Aliimba juu ya mwanamke anayelilia kupata mtoto, na wimbo huo, Nalilia Mwana, ndio uliotoa jina la santuri yake iliyotolewa Uingereza mwaka 1988. Kaseti yake ilikuwa imefika huko mikononi mwa waandaaji wa tamasha la WOMAD, wakamwalika. Mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 ikafuata Mambo, zote katika kampuni ya Real World. Mtu wa Sinza akawa anachezwa London.

Kuna mambo mawili kuhusu Remmy wa wakati ule ninayoomba msomaji ayashike, maana tutayarudia.

La kwanza ni uso wake. Alijiita mwenyewe Sura Mbaya. Hakusubiri mtu amtanie. Alilichukua neno ambalo wengine wangelitumia kumdhalilisha, akalifanya jina la jukwaani.

La pili ni kwamba hakuogopa kutaja visivyotajwa. Aliimba Kifo, wimbo unaozungumza na mauti kana kwamba yamekaa mkekani mbele yake. Na ukimwi ulipoanza kuzimaliza familia zetu, watu wakinong'ona tu kwamba fulani kaumia au kapatwa na ule ugonjwa, yeye akatoa Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu kutumia kondomu. Redio ya taifa haikutaka kuupiga. Watu wakauimba hata hivyo, kwenye kumbi, kwenye kaseti, mitaani. Wakati ule nilikuwa msichana wa shule na tulikatazwa kuuimba nyumbani, jambo lililotufanya tuujue wote.

Mwaka 2001 Remmy alipata kiharusi. Kikampoozesha sehemu ya mwili.

Kwa wasiofahamu, kiharusi ni ajali ya ubongo. Mshipa wa damu ndani ya kichwa huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa ndani ya dakika chache. Uso unapinda upande mmoja, mkono unalegea, maneno yanakokota au hayatoki. Mtu akipata hali hiyo anatakiwa kuwa hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Hapa kwetu ugonjwa huu hauko mbali. Watafiti waliowafuatilia wakazi wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kati ya mwaka 2003 na 2006 walikuta kwamba hapa jijini watu wapatao 316 katika kila 100,000 walipata kiharusi kwa mwaka, na Hai wapatao 109, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Sababu kubwa tunaijua: shinikizo la juu la damu ambalo watu hutembea nalo miaka mingi bila kulijua, au wakijua humeza dawa siku kichwa kinapouma tu.

Na jiji hili hili ndilo ambalo bado tunasema mtu kapigwa na upepo, au katupiwa jini. Sitaki kubishana na mtu kuhusu majini leo. Ninalosema ni kwamba mgonjwa anayeambiwa ametupiwa kitu anapata mzigo wa pili juu ya mkono uliokufa. Anaanza kuwatazama ndugu na majirani na kujiuliza ni nani.

Sasa fikirieni ni mtu gani aliyepigwa na kiharusi mwaka ule. Alikuwa mwanamuziki aliyefanya kazi kwa vidole, kwa sauti, kwa miguu, kwa kusimama jukwaani saa kadhaa usiku. Vyombo vyake vyote vya kazi vilikuwa mwilini mwake, na katika siku moja mwili ukagoma. Dawa hushusha presha na kuzuia kiharusi cha pili, na mazoezi ya viungo hurudisha nguvu kiasi. Lakini hakuna dripu inayomrudishia mtu yule aliyekuwa juzi.

Hapa niondoke kidogo kwa Remmy nije Kariakoo, kwa mgonjwa wangu mmoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na mwenyewe ameniruhusu kumtaja kwa namna hii.

Ni mfanyabiashara wa vitenge, duka lake liko ndani ya pilikapilika za Mtaa wa Kongo. Alikuwa maarufu kwa mkono. Wanawake walisema hahitaji rula, anapima kitambaa kwa kuunyoosha mkono wa kulia na hajawahi kumpunja mtu. Jumamosi moja asubuhi, duka limejaa, mkono huo ulishuka wenyewe na kitambaa kikaanguka. Akaanguka na yeye. Wateja wakapiga kelele. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka 9, alikuwa amekaa juu ya bando la vitenge akinywa juisi, aliona yote.

Alitibiwa vizuri. Baada ya miezi 4 alikuwa anatembea, maneno yamerudi, presha iko sawa. Kwa karatasi zetu alikuwa mfano wa mafanikio. Lakini mkewe aliomba kuniona peke yake. Akaniambia mume wake halali. Akisikia ganzi kidogo mguuni usiku, anakaa kitandani mpaka alfajiri akikunja na kukunjua vidole, akihesabu. Hataki kupita Kariakoo kabisa. Wakija kliniki anamwomba dereva wa bajaji azunguke mbali, nauli iongezeke, mradi asisikie honi na mikokoteni ya pale. Akiguswa ghafla anaruka. Watoto akiwaona wanacheka anadhani wanamcheka yeye, maana mdomo wake bado umevuta kidogo upande. Na ndugu wamechoka. Wanasema Mungu amemponya na yeye hana shukrani.

Hili neno la shukrani ninalisikia sana na linaniudhi. Mtu aliyeponea chupuchupu anatarajiwa atoke hospitali akiwa anatabasamu. Anapoonyesha huzuni au hasira, nyumba nzima inaona anawakosea waliomchangia. Basi anajifunza kunyamaza.

Alichokuwa nacho mgonjwa wangu ni vitu viwili vilivyofungamana. Kimoja ni sonona, huzuni nzito ya kila siku inayoondoa usingizi, hamu ya kula na sababu ya kuamka. Takriban theluthi moja ya walionusurika kiharusi huipata wakati fulani. Si udhaifu wa imani wala wa tabia. Sehemu yake hutokana na majonzi ya kupoteza kazi na heshima, na sehemu nyingine huenda inatokana na jeraha lenyewe la ubongo. Ina dawa, na ina mazungumzo yanayosaidia. Naomba pia msiichanganye na hali nyingine ambayo wagonjwa wa kiharusi huipata, ya kuangua kilio au kicheko bila sababu, katikati ya maongezi ya kawaida. Hiyo ni breki ya hisia iliyolegea ndani ya ubongo. Mgonjwa huiona aibu mno; mwambieni mnajua si yeye.

Kitu cha pili ni kiwewe. Tumezoea kulitumia neno hili kwa waliotoka vitani au kwenye ajali za mabasi. Kumbe mtu anaweza kutiwa kiwewe na mwili wake mwenyewe, au na matibabu yenyewe: mirija, mashine zinazolia usiku kucha, kitanda cha jirani kinachofunikwa shuka alfajiri. Na kiwewe cha aina hii kina ugumu wake. Aliyeponea ajali ya basi anaweza kuliepuka basi. Aliyepigwa na kiharusi anaishi ndani ya basi hilo. Kila ganzi, kila kizunguzungu, kila kichwa kuuma kunamrudisha Jumamosi ile.

Miaka mingi iliyopita nilipokuwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimhudumia mzee mmoja aliyepata kiharusi chepesi. Alikuja kliniki mara tatu. Mara zote alikuwa kimya, akijibu ndiyo na hapana. Nilikuwa na foleni ya watu 60 nje ya mlango. Mara zote tatu niliandika kwamba anaendelea vizuri. Mara ya nne aliletwa kwa machela, kiharusi cha pili, kikubwa, na hakutoka wodini. Binti yake aliniletea dawa zote nilizomwandikia, zikiwa ndani ya mfuko wa Rambo, hazijafunguliwa. Akaniambia baba yake alikuwa akikiona kidonge tu, jasho linamtoka. Kidonge kilimkumbusha. Sikuwahi kumuuliza swali moja ambalo lingenionyesha hilo.

Ndiyo maana sasa nauliza. Tangu uumwe, ni kitu gani unakikwepa? Unaota nini? Dawa unazimeza wewe au unawaonyesha tu kwamba umemeza? Nawaomba wake, waume na watoto wakubwa mliopo nyumbani na mgonjwa muulize pia, kwa upole, mkiwa wawili tu, si mbele ya wageni waliokuja kumjulia hali. Na ikiwa mgonjwa anasema ni afadhali angekufa, au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga, msisubiri siku ya kliniki. Mleteni siku hiyo hiyo. Huduma ya afya ya akili ipo Muhimbili, na ipo katika hospitali za rufaa za mkoa: Amana, Mwananyamala na Temeke. Kwenda huko si kuitwa kichaa.

Turudi Sinza. Kiharusi kilipompiga Remmy, mashabiki waliomba jambo moja: arudi. Ni ombi la mapenzi, na kila familia ya mgonjwa wa kiharusi hulitoa. Tunataka yule yule. Tunataka baba aliyekuwa akitutania, mama aliyekuwa akipika pilau ya watu 40 peke yake. Tunamtazama aliyekaa kwenye kiti kana kwamba ni mtu aliyemkalia mahali mwenzake, na tunamsubiri mwenye kiti arudi. Mgonjwa anayaona macho hayo.

Remmy hakurudi yule yule. Aliuacha muziki wa dansi, ule uliompa jina, ukampeleka Ulaya, ukampa kituo cha daladala. Akaokoka na kugeukia muziki wa injili. Aliimba tena, akarekodi tena, akasimamishwa mbele ya watu tena, lakini kwa nyimbo nyingine na kwa hadhira nyingine. Baadhi ya mashabiki wa Super Matimila walisikitika. Wengine walimfuata kanisani kumsikiliza. Nakumbuka mabishano ya mtaani kuhusu kama huyu bado ni Remmy au la, na wabishani wote walikuwa wazima wa mikono na miguu.

Mimi si mtu wa kusema nani aokoke na nani asiokoke. Wagonjwa wangu wa Kariakoo wengi ni Waislamu, wengine Wakristo, na nimeona swala ikimrudishia mtu ratiba ya siku pale ambapo mimi na dawa zangu tulishindwa. Adhana ya alfajiri inampa sababu ya kuinuka, udhu unamlazimisha kuutumia mkono dhaifu, msikitini anakutana na watu wanaomsalimia kwa jina. Hayo yote ni tiba, na ninayahimiza. Ninachokipinga ni yule anayemwambia mgonjwa wa presha kwamba sasa ameombewa, atupe vidonge. Nimezika wagonjwa wa namna hiyo. Imani na kidonge havigombani mpaka mtu avigombanishe.

Lakini kinachonivuta zaidi katika hatua ile ya Remmy ni kwamba alikubali kubadilisha kazi ya sauti yake badala ya kuisubiri ile ya zamani. Wataalamu wa mazoezi tiba watawaambia kwamba nguvu nyingi za mkono na mguu hurudi katika miezi ya mwanzo, kisha mwendo hupungua. Huwa tunaogopa kuwaambia wagonjwa jambo hilo. Tunasema tu, Mungu mkubwa, endelea na mazoezi. Mgonjwa anaendelea kusubiri mwaka, miwili, huku maisha yamesimama kama gari lililowekwa juu ya mawe. Ni afadhali kumwambia ukweli kwa wakati unaofaa, ukiwa umekaa naye, kwamba mkono huu huenda usirudi kama ulivyokuwa, kisha mkaanza kuzungumza juu ya mkono uliobaki.

Nilimwambia hivyo mfanyabiashara wangu. Alilia, na nikamwacha alie. Halafu akaanza dawa ya sonona, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla haijafanya kazi, na nikamwonya kuhusu hilo ili asiitupe mapema. Tukampangia kuirudia Kariakoo kidogo kidogo, pamoja na mnasihi wetu. Jumapili ya kwanza alipita tu na bajaji, alfajiri, maduka yamefungwa. Jumapili iliyofuata alishuka, akasimama nje ya mlango wa duka lake kwa dakika 10, moyo ukimwenda mbio, mpaka ukatulia wenyewe. Hiyo ndiyo siri yake: kukaa mpaka utulie, usikimbie ukiwa juu. Ilichukua zaidi ya miezi 2 kufika siku ya kazi.

Na mtoto? Hakuna aliyekuwa amemfikiria. Alikuwa ameanza kukojoa kitandani tena, na mwalimu alisema amekuwa mzembe. Kumbe mwenyewe aliamini baba alianguka kwa sababu yeye alikuwa anamsumbua juisi. Wazazi, mtoto aliyeona, au aliyelazwa mwenyewe akachomwa sindano na kushikwa mikono na miguu na watu wazima, hatasema kwamba ana kiwewe. Atakojoa, atashikilia nguo ya mama, atapiga wenzake, atacheza mchezo wa kuanguka na kufa mara 20 kwa siku. Msimchape, wala msimwambie alisahau. Mwelezeni kilichotokea kwa maneno ya umri wake, na mwambieni wazi kwamba si kosa lake. Huyu alielezwa na baba yake mwenyewe, kwa mdomo ule ule uliovuta upande. Nadhani hapo ndipo baba alipoanza kupona pia, ingawa sina kipimo cha kuthibitisha.

Remmy aliishi miaka 9 baada ya kiharusi chake. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na miaka 63. Redio zilipiga nyimbo zake siku ile, za dansi na za injili zikichanganywa bila utaratibu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko sekondari, na huenda anashuka Kwa Remmy kila siku akienda shule.

Nilimweleza mgonjwa wangu habari za Remmy kwenye kliniki moja, nikidhani namfundisha. Akanitazama kwa huruma. Alikuwa shabiki wa Super Matimila tangu ujana wake, akaanza kunitajia mpiga gitaa mmoja baada ya mwingine, na tukamaliza muda wote hapo, watu wakigonga mlango. Lile jina la Sura Mbaya alikuwa amelisahau. Nilipomkumbusha alicheka, mdomo ukavuta upande, na kwa mara ya kwanza hakuufunika kwa kiganja.

Sasa hakati kitambaa. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka, fimbo kati ya magoti, anataja bei na kubishana na wateja, na mkwewe ndiye anayepima kwa rula. Wateja wa zamani wanalalamika kwamba rula ina punje. Presha yake wiki iliyopita ilikuwa 134 kwa 82. Usiku mmoja mmoja bado anaamka kuhesabu vidole.